Moyo wa Mama Haukuwa Dizeli

Bwana asifiwe, ndugu zangu, na kila mwenye pumzi aitikie!

Nianze kwa kusema ukweli. Mimi nilikuwa mtu ambaye hakuna kitu chini ya jua kingeweza kumshangaza. Nasema hakuna! Nimefufua injini iliyolala miaka sita kwenye banda la korosho, panya wamezalia ndani yake, nikaiwasha kabla ya adhuhuri. Nimeona mtu akitoka machimboni Namungo asubuhi na dhahabu mfukoni, jioni ananikopa unga kilo mbili. Nikajiambia, basi Boniface, dunia umeimaliza. Kumbe, ndugu zangu, nilikuwa sijaona kitu. Kitu chenyewe kilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya kifua cha mama yangu mzazi, hakizidi ngumi yake kwa ukubwa.

Mnaonijua mnanijua. Asiyenijua asikie. Mimi ni mzaliwa wa Kiegei, Nachingwea. Shule nimeishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Baba alifariki tukiwa wadogo, mama akatulea kwa jembe na ufuta. Mwanzoni mwa miaka ya tisini nikaingia Nachingwea mjini, nikawa mbeba magunia kwenye mashine ya kusaga ya mtu. Hakuna aliyenifundisha ufundi. Nilikuwa nasikiliza tu. Gunia begani, sikio kwenye injini. Siku moja fundi akaugua, watu wamepanga foleni na ndoo zao za mahindi, tajiri anashika kichwa. Nikasema, "Nipisheni." Nikashika hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini mpaka iwake, nikazungusha mara mbili tu. Ikawaka! Tangu siku hiyo gunia sikubeba tena.

Miaka ya tisini haijaisha, nina mashine yangu mwenyewe Ruangwa. Sikurithi, sikuiba, sikupewa. Hilo neno "sikupewa" lishikeni, tutalirudia mbele. Ilikuja mpya kutoka Dar es Salaam ndani ya sanduku la mbao, misumari nikaing'oa kwa mkono wangu huu. Na mimi nikajiwekea sheria: nyumbani kwangu hakiingii kitu cha mtumba. Shati, mpya. Redio, mpya. Godoro, na nailoni yake. Watu wakaniita Boni Sanduku, na mimi jina nikalipenda, nikaliandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa mashine.

Nilipojenga nyumba ya bati nikaenda Kiegei kumchukua mama. Mwaka aliozaliwa haujui, anajua tu kwamba uhuru ulimkuta ana watoto wawili. Nikamwambia, "Mama, umelima inatosha, njoo ukae." Akaja, lakini kukaa hakuweza. Akalima bustani nyuma ya mashine, akapanda mbaazi, akawa anawapangia wateja wangu foleni kwa sauti kali kuliko yangu.

Kisha akaanza kuchoka. Akitoka kisimani anapumzika mara tatu. Akiinuka kwenye mkeka anashika ukuta. Nikamuuliza, akasema, "Ni miaka hii, mwanangu, si ugonjwa." Siku moja nikamwambia alale chali, nikaweka sikio kifuani kwake, kama ninavyofanya na injini. Ndugu zangu, nikasikia: pum... kimya... pum... kimya... pum.

Sasa sikieni ujinga wa mtu anayejisifu. Katika kazi yetu, injini ndogo ndizo zinazolia harakaharaka kama kuku anayetafuta pa kutagia. Injini nzito ya dizeli, yenye gurudumu kubwa, hupiga polepole, na hiyo ndiyo inayosaga muhogo mkavu bila kulalamika. Basi mimi nilipousikia moyo wa mama nikainuka nikacheka kwa furaha. Nikawatangazia watu kwenye foleni, "Mnaona bibi huyu? Moyo wake ni dizeli! Ninyi mna vijiinjini, mama yangu ana injini!" Nikawaita na wengine waje wasikilize. Mama mwenyewe akafurahi, akawa anawaambia wanawake wenzake kisimani kwamba mwanawe fundi amempima na amemkuta mzima.

Jumapili moja, hapa hapa kanisani, tumesimama tunaimba. Mama akaanguka. Alianguka taratibu, kama kitenge kinachoteleza kwenye kamba. Nanyi mnakumbuka tulifanya nini! Tulipiga vigelegele. Tulisema Roho amemshukia. Simlaumu mtu, kwa sababu mimi ndiye niliyepiga makofi kuliko wote, nikiona fahari kwamba ameshukiwa mama yangu na si mama wa mwingine. Baada ya kitambo akafumbua macho, akauliza, "Mbona nimelala?" Tukasema haleluya! Ndugu zangu, Roho wa Bwana yupo, na anashuka. Lakini siku ile mama yangu alikuwa anakufa mbele yetu, nasi tunaimba.

Mungu anatumia mtu yeyote. Kwangu mimi alimtumia Mngoni.

Mzee Komba mnamjua, yule aliyekuja na wachimbaji Namungo akabaki. Zamani alikuwa mhudumu wa hospitali huko kwao Songea. Sisi Wamwera na Wangoni ni watani, kwa hiyo Komba kwangu hana adabu hata kidogo, na hapaswi kuwa nayo. Akija kusaga anaanzia mbali, "Mmwera! Umeiba mashine ya nani leo?" Na mama ndiye alikuwa mtani wake mkubwa. Siku hiyo alimkuta mama ameegemea gunia, amefumba macho. Mara ya pili hiyo ameanguka, safari hii kwenye ufuta aliokuwa anauanika.

"Mtani," Komba akasema, "unakufa au unadanganya? Nimekuja kuchukua sufuria zako. Msibani mimi ndiye mchukuaji."

"Chukua," mama akasema. "Lakini ile nyeusi ina tundu, kama kichwa chako."

Watu wakacheka. Komba akakaa, akamshika mkono, akatoa saa yake mfukoni, akasema kwa sauti kubwa, "Ngoja nihesabu siku zilizobaki, nijue lini nije na mkokoteni." Akaanza kuhesabu. Watu bado wanacheka. Kisha Komba akanyamaza. Akaanza upya. Akahesabu mpaka mwisho, akarudisha saa mfukoni, akauweka mkono wa mama chini polepole kama mtu anayeweka yai.

Ndugu zangu, nilikuwa nimemjua Komba miaka mingi, na sikuwahi kumwona akinyamaza. Mtani wako akiacha utani mbele ya mgonjwa, ujue kuna jambo. Akanivuta nje, akaniita jina langu la ubatizo.

"Boniface. Thelathini na nne."

"Thelathini na nne nini?"

"Mapigo kwa dakika. Wewe una zaidi ya sabini. Mama yako anakwenda nusu. Mpeleke hospitali, na usisubiri uuze ufuta."

Nikaanza kumwambia habari za dizeli. Aliniangalia tu, kwa huruma. Mimi! Boni Sanduku, naonewa huruma na Mngoni! Nikafunga mashine mchana kweupe, watu wakiwa kwenye foleni.

Tukaenda hospitali ya misheni, safari ya kutwa nzima kwa gari, mama kaegemea bega langu. Nimebeba fedha zangu kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi. Nilikuwa nimejipanga. Nilisema moyoni, huko watataja bei, nami nitalipa, watajua kwamba amekuja mtu.

Daktari alikuwa binti, umri wa mwanangu wa kwanza. Akamlaza mama, akambandika nyaya kifuani, mikononi na miguuni, na kijimashine kikatoa karatasi yenye mistari. Akaiangalia, akamwita daktari mzee, mgeni kutoka ng'ambo, naye akaangalia. Kisha binti akaniuliza, "Baba, kazi yako nini?"

"Mimi ni injini," nikamwambia.

Akacheka. "Basi tutaelewana upesi. Moyo una vyumba vya juu na vya chini. Huko juu kuna kisehemu kidogo sana kinachotoa umeme, cheche. Cheche inashuka kwa njia yake mpaka chini, moyo unajikaza, damu inakwenda. Kila pigo ni cheche moja."

Mama akainua kichwa. "Umeme? Mjukuu wangu, umeme uliua mbuzi watatu wa mume wangu kule Kiegei, chini ya mti mmoja. Leo uko kifuani kwangu?"

"Uko, bibi. Ulikuwepo kabla hujazaliwa. Ila ni mdogo sana, haumuui mtu." Akanigeukia. "Sasa mtu akizeeka, chembe zinazotoa hizo cheche zinapungua, moja moja. Na ile njia ya kushukia inakakamaa, inaingia makovu, kama waya uliokaa juani miaka mingi. Kwa wazee wengi ni kidogo tu. Moyo unachelewa, unaruka pigo hapa na pale, wao wenyewe hawajui. Kwa bibi njia imekatika kabisa. Juu kunapiga vizuri, sabini na kitu, lakini chini hakupati habari. Chini kunajipigia kwenyewe, polepole, ili asife."

Akanionyesha karatasi. Nami, ndugu zangu, darasa la nne, nikaiona! Vilima vidogo vinakwenda kwa mpangilio wake, vilima virefu vinakwenda kwa mpangilio mwingine, havijuani. Lakini kiburi hakifi haraka. Nikamwambia, "Daktari, injini nzito hupiga polepole. Ndiyo nguvu yake."

"Injini yako inatumia nini, baba?"

"Dizeli."

"Ina plagi?"

Kila fundi anajua, na mimi najua kuliko wengi. Injini ya dizeli haina plagi, kile kidude cha kurusha cheche. Haihitaji cheche. Plagi ni ya petroli, na ya petroli ikipiga polepole, ikikosa hapa na pale, huwezi kujisifu, unatafuta cheche imepotelea wapi.

"Haina," nikasema.

"Moyo una plagi," akasema yule binti.

Maneno matatu. Miezi yote ile nilikuwa nawaita watu waje wasikilize mama yangu akifa, nikiwaambia ni nguvu.

Akaeleza kwamba dawa ya kumeza haipo. Ipo mashine ndogo, bapa, ya kuenea kiganjani, yenye betri ndani. Inawekwa chini ya ngozi karibu na bega, na waya wake unapitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni, inatoa cheche badala ya ile iliyokatika. Yule daktari mgeni alikuja nazo chache, na imebaki moja. Na yeye na wageni wenzake wanaondoka Ijumaa. Siku hiyo ni Jumatano.

Nikafungua begi. "Taja bei," nikasema.

"Haiuzwi, baba. Na nikwambie ukweli wake. Si mpya. Alikuwa nayo mama mmoja mzee huko ng'ambo. Alifariki kwa ugonjwa mwingine, watoto wake wakasema itolewe, isafishwe, apewe mwenye shida. Imepimwa, betri yake ina miaka mingi bado."

Ndugu zangu, nilisimama. Mtumba! Tena mtumba wa marehemu! Nikasema mama yangu hawekwi kitu cha maiti, nikasema leteni mpya, nitauza mashine, nitauza nyumba. Binti akanijibu kwa upole kwamba hata nikiuza, kuagiza ni miezi, na moyo wa bibi hauwezi kuahidi miezi. Nikatoka nje nimekasirika, nikatembea mpaka kwenye majiko ya ndugu wa wagonjwa, nikarudi na jibu langu la hapana.

Nikamkuta mama macho yamegeuka, muuguzi amemshika kichwa, daktari ana mkono kwenye shingo yake. Chumba kizima kinasubiri pigo moja. Mimi ambaye nawasha kila kitu nilisimama pale, hakuna hendeli ya kushika! Mikono yangu hii ikaning'inia tu.

Pigo likaja. Likaja na lingine. Mama akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Bado mnabishana?" akasema.

Nikapiga magoti. "Mama, ni kitu cha mtumba. Alikivaa mtu."

"Boni," akasema, "hata mimi ni mtumba. Baba yako alinioa mjane. Alilalamika?"

Muuguzi akageukia ukutani kuficha kicheko. Lakini mimi nililia. Nilikuwa sijui! Umri wote ule nikijiona mtoto wa sandukuni, sikujua kwamba mama yangu alikuwa na mume kabla ya baba. Mama akasema tena, "Huyo mama mwenzangu mwambieni asante, kama mna njia. Kama hamna, nitamwambia mwenyewe siku yangu ikifika. Haya, wekeni."

Nikatoka nje, nikaomba. Maisha yangu yote maombi yangu yalikuwa ripoti: Bwana, nimefanya hiki, nimenunua kile, kibariki. Siku hiyo sikuwa na cha kuripoti. Nilisema, "Bwana, nipe." Basi. Sikuwa nimewahi kusema neno hilo tangu nipate akili. Nipe!

Alhamisi asubuhi wakaweka. Mama hakulazwa usingizi, walimtia ganzi begani tu, na muuguzi akaniambia alikuwa anawauliza bei ya mbaazi sokoni. Mchana binti daktari akaniita, akanipa kile chombo chao cha kusikilizia. Nikaweka masikioni. Ndugu zangu! Pum-pum, pum-pum, pum-pum! Sawa sawa, bila kukosa! Nimesikiliza injini tangu ujana wangu, na sijasikia inayokwenda namna ile. Uso wa mama ulikuwa umerudia rangi yake. Akaniuliza nimeacha nani kwenye mashine.

Sasa niwaambie kilichonishangaza, mimi nisiyeshangazwa. Si ile mashine. Ile ni nzuri, namheshimu aliyeiunda. Kilichonishangaza ni moyo wenyewe. Ndugu zangu, mimi nazungusha hendeli kila asubuhi. Kila siku iliyoumbwa! Nikizima, imezimika. Moyo wa mama yangu ulizungushwa mara moja tu, gizani, tumboni mwa bibi yangu, na hakuna aliyeuzima tangu hapo. Ulipiga akilima, ulipiga akizaa, ulipiga wakati tunamzika baba. Haukubadilishwa mafuta. Ulijitengenezea umeme wake wenyewe miaka yote hiyo, sisi Ruangwa tunasubiri nguzo! Na ulipozeeka, cheche zikapungua, njia ikakatika, chumba cha chini hakikusema basi. Hakipati habari yoyote kutoka juu, kiko peke yake, na bado kikapiga. Thelathini na nne. Polepole, kimechoka, lakini kikapiga, kikimsubiri mwanawe mjinga aache kujisifu. Nionyesheni injini ambayo ukikata waya inaendelea kusaga! Hakuna. Fundi aliyeunda kile chumba cha chini, mimi navua kofia.

Tuliporudi, Komba alikuwa amekaa mlangoni kwa mashine. Alimwangalia mama akishuka kwenye gari bila kushikwa. Akageuza uso kidogo, kisha akaita. "Mtani! Nasikia unatumia betri. Nitakuazima jioni nisikilizie redio."

"Lete kwanza sufuria zangu," mama akasema.

Huyo hapo, ndugu zangu, benchi la mbele, kitenge cha kijani. Simama, mama. Mwoneni! Kalima jana.

Na wewe uliye na mzee nyumbani anayeanguka, anayechoka bila kazi, usiseme ni miaka tu, na usiseme ana nguvu kama nilivyosema mimi. Mshike mkono, hesabu, mpeleke. Na wewe uliye kama mimi, unayesema kila ulicho nacho umekipata mwenyewe, weka mkono kifuani sasa hivi. Hicho kinachopiga ulikinunua duka gani? Mtumaini aliyekupa. Mimi nimefunguliwa. Ile rangi nyekundu ukutani nimeifuta kwa mkono wangu.

Siku ya kuondoka hospitali nilikwenda dirishani kulipa. Nikaweka begi juu ya meza, nikafungua zipu. Nikamwambia yule dada wa malipo, nitajie yote, usinifiche. Akapitisha kidole kwenye karatasi. Upasuaji, gharama wamebeba wageni. Kitanda, vivyo hivyo. Kifaa, akasoma: "zawadi." Nikasema, dada, haiwezekani, tazama tena. Akatazama tena, akasema, "Baba, nyuma yako kuna foleni. Unadaiwa kadi, shilingi mia tano, na daftari la kuandikia matibabu, shilingi mia mbili." Nikafunga zipu. Nikatafuta mfukoni mwa shati. Maisha ya mama yangu, ndugu zangu, yaliyonizaa na yaliyonishinda kununua, mimi Boniface niliyalipia shilingi mia saba.